Kidole Kinagoma Katikati: Kutafuta Hitilafu kwenye Mkono wa Roboti Uliochapwa Nyumbani

Mkono wangu wa tatu ulikuwa na kidole cha shahada kilichoinama nusu kisha kikagoma. Nikailaumu mota. Nikashuka mjini, nikanunua nyingine Luthuli Avenue, Nairobi, nikaifunga, kidole kikagoma palepale. Nikailaumu programu, nikakesha siku tatu nikibadilisha namba. Mwishowe nikaufungua uzi kwenye mota kwa hasira tu, nikauvuta kwa mkono wangu mwenyewe, na hapo nikahisi kitu kinakwaruza ndani ya kifundo cha kati. Ilikuwa chembe ya plastiki, ndogo kama punje ya sukari, imeganda kwenye kona ya mfereji wa uzi. Ile mota ya pili bado iko kwenye droo.

Tangu siku hiyo natafuta kosa kuanzia kwenye ncha ya kidole, narudi kiganjani, halafu kigashani. Mota na programu ni za mwisho. Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo. Unahusu mkono wa aina ambayo wengi wetu tunaijenga: pingili za plastiki zilizochapwa kwa printa ya 3D, uzi mmoja unaopita tumboni mwa kila kidole kama kano, lastiki mgongoni ya kukirudisha, na mota tano za servo, zile zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa na kusimama hapo, kwenye kigasha.

Mota kukaa mbali na vidole si uzembe wa mchoraji. Mchongaji Mfaransa Gael Langevin alipoanza mradi wake wa roboti ya kuchapwa, InMoov, mwaka 2012 aliziweka kigashani, na mwili wenyewe umepangwa hivyo: hakuna msuli wa kukunja ndani ya kidole chako, kinavutwa kwa kano kutoka kiganjani na kigashani. Shika kigasha chako kwa mkono mwingine, kisha chezesha vidole kama anayepiga kinanda. Utahisi mota zako zikifanya kazi.

Kipimo cha kwanza: vuta uzi kwa mkono

Fungua uzi kutoka kwenye puli ya mota. Uning'inize kwenye mizani ndogo ya kupimia mizigo ya safari, ile ya kidijitali yenye ndoano, kisha uvute polepole mpaka kidole kifunge kabisa. Andika uzito unaosoma mwanzoni, katikati na mwishoni.

Namba hizo tatu zinakuambia mengi. Zikiwa kubwa tangu mwanzo, ekseli ya kifundo inabana au lastiki ni ngumu mno. Zikianza ndogo zikapanda kadiri kidole kinavyojikunja, tatizo liko kwenye njia ya uzi. Zikiruka mahali pamoja tu, kuna chembe. Kidole changu kizuri kuliko vyote hufunga kwa gramu 400 hivi. Kile kilichogoma kilikuwa kimepita kilo mbili na bado hakijamaliza, na mimi nilikuwa nikiiomba mota iende pale ambapo hata mkono wangu ulikuwa unasita.

Kidole ni kizito tangu mwanzo

Ekseli za vifundo vyangu ni spoki za baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, ni chuma kigumu kilichonyooka, na zilizokatika hazina kazi tena kwa fundi wa baiskeli. Yule wa mtaani kwetu nilimwonyesha mkono mara moja tu, na tangu hapo, nikimwamkia, "Shikamoo, mzee," hunijibu, "Marahaba, umefuata mifupa?" na kunisogezea mkebe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchora tundu la milimita 2 kwa spoki ya milimita 2. Tundu lililochapwa hutoka dogo kuliko lilivyochorwa, kwa sababu plastiki ya moto inayowekwa kwa mduara huvutwa kuelekea ndani inapopoa. Kwa nozeli ya milimita 0.4, matundu yangu ya 2 hutoka 1.7 au 1.8. Kuigonga spoki kwa nyundo mpaka iingie kunaonekana kama ushindi, mpaka ujaribu kukunja kidole.

Fikiria kifundo kuwa kina masikio mawili ya nje na ulimi mmoja katikati. Spoki ishikwe na masikio, ulimi uzunguke juu yake. Kwa hiyo tundu la masikio libane kidogo, la ulimi lipwaye: mimi huchora 2.0 kwa masikio na 2.4 kwa ulimi, kisha hupitisha keekee ya milimita 2.2 kwenye ulimi kwa kuizungusha kwa vidole, bila mashine. Mashine inayeyusha plastiki na kukuachia tundu lenye ukuta wa manyoya. Kati ya ulimi na kila sikio acha nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Na usinakili namba zangu. Chapa kibamba chenye matundu sita, kuanzia 2.0 hadi 2.5, pitisha spoki kwenye kila moja, ndipo uchore kidole. Printa mbili za kampuni moja zilizokaa meza moja hazitoi tundu moja.

Angalia pia tabaka la kwanza. Likikandamizwa sana kwenye bamba, hutanuka na kuacha ukingo mwembamba unaokwaruza sikio la jirani. Wembe na dakika moja vinatosha.

Kuhusu vilainishi: pitisha mshumaa kwenye spoki, au tumia grisi ya silikoni ukiipata. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Niliyatumia, siku mbili za kwanza kidole kilikuwa laini kama siagi, baada ya mwezi yalikuwa yameganda kuwa gundi iliyokusanya vumbi lote la dirishani.

Kinaanza vizuri, kinagoma katikati

Hapa ndipo wengi hukimbilia duka la mota, kwa hiyo tukae kidogo.

Uzi unaopita kwenye kona hupoteza nguvu, na hasara hiyo haijumlishwi, inazidishwa. Kamba iliyozungushwa nguzoni mara chache inaweza kumshikilia ng'ombe kwa sababu hiyohiyo: kila kipande cha mzunguko kinakula sehemu ya kilichobaki. Kinachohesabiwa ni jumla ya digrii ambazo uzi umepinda. Kidole kikinyooka, uzi umenyooka pia, hasara ni ndogo. Kikifunga, mathalani digrii 90 kwenye kifundo cha kiganja, 90 cha kati na 60 cha ncha, uzi umepinda digrii 240. Kama kipimo cha msuguano kati ya uzi na plastiki ni 0.2, lazima uvute kilo 2.3 ili kilo moja ifike kwenye ncha. Ukishusha msuguano hadi 0.1, unahitaji kilo 1.5 tu. Ndiyo maana kidole kinaanza kwa uchangamfu na kufa njiani: kinavyozidi kujikunja ndivyo kinavyojifunga breki.

Dawa yake ni tatu. Lainisha kona za mfereji kwa kuzichora kama tao lenye nusu kipenyo cha milimita 3 au zaidi, si pembe kali. Pitisha uzi ndani ya mrija mwembamba wa PTFE, plastiki telezi kama ya Teflon, pale ambapo njia haijikunji, yaani kiganjani na kigashani, na ukumbuke breki ya baiskeli: kebo huteleza kwa sababu ina ala yake. Halafu safisha mfereji. Chukua uzi mnene wa kushonea magunia, upake majivu laini au dawa ya meno, uuvute mbele na nyuma mara hamsini. Chembe zitatoka, na mikono yako itanukia mnanaa.

Kama mizani inaonyesha uzi unavutika kirahisi mpaka mwisho lakini mota bado haimalizi, basi kasoro ni ya hesabu. Urefu wa uzi unaovutwa na kifundo ni umbali wa uzi kutoka kwenye ekseli ukizidishwa kwa pembe. Nikiwa na milimita 10 kwenye kifundo cha kiganja, 8 cha kati na 6 cha ncha, kwa pembe zile za juu napata 15.7, 12.6 na 6.3. Jumla ni milimita 35 hivi. Mota inayogeuka digrii 180 inahitaji puli yenye nusu kipenyo cha milimita 11 kuuvuta urefu huo. Ukiweka ile mikono midogo ya plastiki inayokuja na mota, hufiki.

Kuna mtego mwingine mdogo. Servo huamriwa kwa mapigo ya umeme, na nyingi zikipewa mapigo ya mikrosekunde 1000 hadi 2000 hugeuka digrii 90 tu, si 180. Uzi unaovutwa unakuwa nusu, na kidole kinaishia nusu, kwa utulivu kabisa, bila kelele yoyote ya kulalamika. Mota iliyozidiwa huunguruma na kupata moto. Iliyofika mwisho wa amri yake hunyamaza. Ukisikia kimya, panua mapigo kidogokidogo kila upande, na uache mara tu inapoanza kugonga kizuizi cha ndani.

Ncha inajikunja kwanza

Hili halionekani kama hitilafu. Kidole kinafunga, video inapendeza. Kisha unakipa kikombe, ncha inajikunja kama ukucha wa mwewe kabla kidole hakijakizunguka, kinakisukuma kikombe mbali.

Tazama mkono wako unapofuata kikombe cha chai. Kifundo cha kiganja na cha kati ndivyo vinavyoongoza, ncha inakuja mwisho, ikishagusa. Mwili una kano mbili za kukunja kwa kila kidole, ukiacha gumba: moja inaishia kwenye pingili ya kati, nyingine inapenya chini yake na kwenda mpaka pingili ya ncha. Sisi tuna uzi mmoja unaovuta vifundo vyote kwa pamoja, na kinachoamua nani atangulie ni mashindano: kifundo chenye uzi ulio mbali na ekseli na lastiki dhaifu ndicho kitakachojikunja kwanza.

Kwa hiyo unasawazisha mashindano hayo. Sogeza uzi mbali na ekseli kwenye kifundo cha kiganja, usogeze karibu kwenye ncha: 10 na 5, badala ya 8 na 8 nilizoanza nazo. Kisha acha kutumia lastiki moja ndefu mgongo mzima. Weka kipande chake kwa kila kifundo, kigumu zaidi kwenye ncha. Mimi nilitumia lastiki ya nguo kwenye kiganja, na ukanda wa tyubu ya baiskeli, mpira uleule wa kutengenezea manati, kwenye ncha. Ilinichukua jioni mbili za kukata ukanda milimita moja moja, nikijaribu na kikombe cha plastiki kwanza, kwa sababu vile vya udongo nilikuwa nimeshapigiwa marufuku.

Ukichoka, kuna njia ya mkato isiyo na aibu: gandisha kifundo cha ncha kikiwa kimeinama digrii 25 hivi, ubaki na vifundo viwili vinavyotembea. Mikono mingi ya msaada inayochapwa kwa ajili ya watoto ina pingili mbili tu kwa kidole na inashika mpira bila shida. Ukoo huo wa mikono ulianzia kwa seremala wa Afrika Kusini, Richard van As, aliyepoteza vidole kwa msumeno mwaka 2011, akaungana na Mmarekani Ivan Owen kutafuta namna ya kujitengenezea vingine. Kwa kidole cha mwisho mimi hugandisha kila mara. Hakuna aliyewahi kugundua.

Uzi unatokeza nje kama upote wa upinde

Kidole kikijikunja, uzi unaacha tumbo la kidole na kukata njia ya mkato hewani. Nguvu inaruka ghafla, mwendo unakuwa wa kurukaruka, na uzi unanasa kwenye kila kinachoshikwa. Mwili unazuia jambo hili kwa pete ngumu tano zinazofunga kano kwenye mifupa ya kila kidole, ukiacha gumba, na wapanda miamba wanaijua ile ya pili vizuri, kwa kuwa ndiyo wanayoichana mara nyingi.

Weka daraja la plastiki karibu na kila kifundo, upande huu na ule, lenye unene wa milimita 1.5 walau. Moja katikati ya pingili halitoshi.

Uzi unalegea, au unakatika

Uzi wa nailoni wa kuvulia, ule unaong'aa kama kioo, hurefuka. Unaukaza leo, kesho asubuhi umelegea milimita tatu na kidole hakifiki. Ukiuacha chini ya mzigo unaendelea kurefuka taratibu, hautulii. Tafuta uzi wa kuvulia uliosukwa, wa polyethylene, wenye kubeba kilo 20 na kuendelea. Haurefuki sana, ila ni mtelezi: fundo la kawaida hujifungua lenyewe, na gundi ya matone haiushiki. Uzungushe mara nne au tano kwenye puli kabla ya kuufunga chini ya skrubu yenye washa. Mizunguko ndiyo inayobeba mzigo, skrubu inashikilia mkia tu, kwa hesabu ileile ya ng'ombe na nguzo, safari hii ikikusaidia.

Ukikatika, angalia umekatikia wapi. Kwenye fundo ni fundo baya. Mahali palepale kila mara, chini ya daraja au kwenye kona, tazama plastiki kwa tochi ya simu: uzi mwembamba ukiutembeza maelfu ya mara hukata plastiki kama msumeno, na mfereji uliochongwa na uzi wenyewe una kingo kali. Weka kipande cha mrija hapo, au kipini cha waya kilichopindwa.

Kidole hakirudi kikanyooka

Rudi kwenye mizani. Kama kinafunga kwa nguvu ndogo na bado hakirudi, lastiki imechoka, ibadilishe. Mpira huchoka kwa jua na joto, na hakuna cha kufanya ila kuununua wa bei rahisi na kuubadilisha mara kwa mara. Lakini kama kinafunga kwa shida na kurudi kwa shida, usiongeze lastiki. Unaongeza mzigo ambao mota itaubeba kila sekunde, ili kufidia msuguano ambao ungeondolewa na wembe.

Waliochoshwa na lastiki huweka uzi wa pili mgongoni, kwenye puli hiyohiyo, mmoja ukivutwa mwingine unaachiwa. Ni mpango mzuri wenye sharti moja: uzi wa mgongoni uwe umbali sawa na wa tumboni kutoka kwenye ekseli, kwenye kila kifundo. Ukiwa 6 tumboni na 10 mgongoni, mmoja unahitaji milimita 15.7 wakati mwenziwe anatoa 9.4, na kidole kinakaza mpaka kitu fulani kinavunjika. Kitu hicho kwa kawaida ni meno ya mota.

Kinayumba pembeni

Ulimi unapwaya kati ya masikio, au masikio ni mafupi. Yaongeze upana, weka washa nyembamba ya plastiki iliyokatwa kutoka kwenye chupa ya maji.

Ila usiondoe mtikisiko wote, hasa kama shabaha yako ni mkono unaofanana na wa mtu. Nyoosha vidole vyako uvitanue: vinaachana. Sasa vikunje digrii 90 kwenye kifundo cha kiganja ujaribu kuvitanua tena: vimefungwa. Kano za pembeni hulegea kidole kikinyooka, hukaza kikijikunja. Zhe Xu na Emanuel Todorov wa Chuo Kikuu cha Washington, katika mkono waliouonyesha mwaka 2016, waliacha bawaba kabisa. Walichapa mifupa kwa umbo la mifupa ya mtu, wakaiunganisha kwa kano bandia za uzi imara. Mimi sijafika huko. Nilichofanya ni kukichonga kichwa cha ulimi wa kifundo cha kiganja kiwe chembamba upande wa kidole kilichonyooka na kinene upande wa kidole kilichokunjwa, ili masikio yalegee na kukaza yenyewe. Kipande hicho kimoja cha milimita mbili ndicho kinachowafanya watu waushike mkono na kusema "Ai!"

Pingili inapasuka

Karibu kila mara inapasuka kwenye mshono wa matabaka, kwenye sikio. Pingili iliyochapwa ikiwa imesimama ni rundo la chapati: inabeba uzito, lakini ukiivuta pembeni inaachana. Ilaze ubavu ili matabaka yafuate urefu wa kidole na kuzunguka tundu la spoki. Ongeza kuta ziwe nne, usihangaike na ujazo wa ndani.

Printa ikitoa sauti ya kuchachatika kama kitunguu kwenye mafuta, filamenti, ule uzi wa plastiki unaolisha printa, imenyonya unyevu. Mvua za Aprili zinafanya hivyo Nairobi, hata spoli ikiwa kabatini. Ikaushe kwenye digrii 45 hadi 50 za Selsiasi kwa saa tano au sita kama ni PLA, plastiki ya kawaida ya kuchapia, kisha itie kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. PLA hulegea kwenye digrii 60 hivi, kwa hiyo mkono ulioachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani unaweza kukusalimia ukiwa umepinda. PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, huvumilia zaidi, na masikio yake hupinda kabla ya kuvunjika.

Na stima ikipotea katikati ya kazi, usiruhusu printa iendelee ilipoachia. Mshono wa tabaka lililopoa na lililo moto ni dhaifu. Ndiyo sababu huchapa pingili mbili tatu kwa mara moja, si mkono mzima usiku kucha.

Mota inatetemeka, bodi inajizima

Umepima kwa mizani, kidole ni chepesi, uzi ni safi. Sasa ndiyo zamu ya umeme.

Servo moja ya ukubwa wa kawaida, aina ya MG996R, inaweza kuvuta ampea 2 na nusu ikizuiwa. Tano ni zaidi ya ampea 12 kwa dakika mbaya. Waya wa USB unaolisha Arduino yako, ile bodi ndogo inayoziamuru mota, una nusu ampea. Kidole kimoja kinacheza, viwili vinasita, ngumi nzima inaizima bodi na kuiwasha upya, na mkono unarudia salamu yake ya mwanzo kama mlevi. Weka multimita kwenye waya za mota wakati wa kufunga ngumi: ikishuka kutoka volti 6 hadi chini ya 4.5, umempata mwizi. Zipe mota chanzo chao cha umeme, chenye waya nene, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu nazo. Unganisha hasi ya chanzo hicho na hasi ya Arduino. Bila hiyo, mota zitatetemeka hata ukiwa na betri ya lori.

Na usiamini kilo zilizoandikwa kwenye mota. Kilo-sentimita 10, yaani kilo 10 kwenye puli yenye nusu kipenyo cha sentimita 1, ni nguvu ya kusimamishwa, si ya kufanyia kazi. Kwa puli ya milimita 11 hizo ni kilo 9 za uzi, mimi huhesabu theluthi, kilo 3. Kwenye kifundo chenye milimita 10 na kidole cha sentimita 8, zinafika gramu 370 hivi kwenye ncha, na bado hujatoa msuguano wala lastiki. Ndiyo nguvu uliyonayo. Kila breki iliyobaki njiani inakatwa humo.

Ngumi safi, kikombe kinaponyoka

Plastiki iliyochapwa ni telezi. Vipande vya vidole vya glavu za kuoshea vyombo, vikivalishwa kwenye ncha na kubandikwa, vilinisaidia kuliko mota yoyote niliyowahi kununua. Chini yake weka kipande cha sponji ili ncha ibonyee na kugusa kwa eneo, si kwa nukta.

Kama bado kinaponyoka, tazama kidole gumba. Wengi tunakichora kwenye ubavu wa kiganja, sambamba na vidole vingine, kwa kuwa ndivyo kinavyoonekana mkono ukilala mezani. Gumba la namna hiyo linafunga likigonga ubavu wa kidole cha shahada na kikombe kinabanwa upande mmoja tu. La kweli limekaa juu ya kifundo chenye umbo la tandiko, linazunguka mpaka sura yake inatazamana na sura za vidole. Usichore pembe yake kwa kukisia. Nilichapa kitako cha gumba kikiwa na mwanya wa upinde badala ya tundu, nikafunga skrubu moja bila kuikaza, nikaufumba mkono kwenye kikombe chenye chai kweli, nikasukuma gumba kwa kidole changu mpaka likakaa mkabala na nafasi kati ya shahada na cha kati. Nikakaza skrubu. Nikainua. Chai ilitikisika, haikumwagika, na mwanangu akauliza kama sasa mkono unaweza kuosha vyombo.